Kilichosimama na kilichoanguka: mkoko wa Mida na sange wa Arabuko-Sokoke

Mtu anayesafiri kutoka Mombasa kwenda Malindi, akikaribia njiapanda ya Gede, hupita kati ya viumbe wawili ambao ni nadra kutajwa pamoja. Kushoto kwake, upande wa bara, kuna msitu wa Arabuko-Sokoke wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ndani yake anaishi sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayonyumbulika na makalio ya rangi ya dhahabu. Kulia kwake, baada ya mashamba na nyumba za watu, kuna hori ya Mida, ambako mikoko imesimama topeni na maji ya bahari yanaingia na kutoka mara mbili kila siku. Mmoja ni mti wa majimaji, mwingine ni mnyama wa msitu mkavu. Nimeamua kuwalinganisha kwa sababu wanaishi jirani, wanalindwa na serikali ileile, na mara nyingi wanaguswa na mikono ya kaya zilezile, zinazotafuta boriti upande mmoja na kuni au kitoweo upande wa pili. Hoja yangu ni kwamba kwa miaka mingi, na kwa gharama kubwa, tumejifunza kuuthamini mti uliosimama, na kwamba elimu hiyo ikihamishiwa msituni jinsi ilivyo itamwacha sange nje, kwa kuwa yeye haishi kwa kilichosimama bali kwa kilichoanguka.

Mkoko umekaa katika lugha yetu kama ulivyokaa katika nyumba zetu. Katika mazungumzo ya kila siku neno mikoko hubeba miti yote ya topeni, lakini mwenye kuijua huitenga: mkoko wenyewe, ambao mizizi yake imejipinda juu ya tope kama miguu, mchu, unaotoa chumvi kwa majani yake na kuchomoza vijizizi vya kupumulia, mkandaa, ambao ganda lake lilitumika kutia rangi na kulainisha ngozi, muia, mlilana, unaosimama mbele kabisa panapopigwa na mawimbi, mkomafi, na msikundazi. Kenya ina aina tisa kwa jumla. Yakishaisha majina ya miti yanafuata majina ya unene wa nguzo: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Fundi akiagiza mazio, mkataji anajua ni mti wa unene gani anaotakiwa kuuleta, na wala hapana haja ya kubishana juu ya sentimita. Kule Lamu, katika mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba kwa sababu dari zake zilibebwa na boriti, na boriti ina urefu wake usiozidishwa. Upana wa chumba alichozaliwa mtu, alichoozwa na alichofia umeamuliwa na mti uliotoka topeni.

Kwa sababu unatumika, mkoko ukapata majina. Na kwa sababu ya majina hayo ikawa rahisi kuupima, kuutoza ushuru, na hatimaye kuulinda. Misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Mwaka 1982 usafirishaji wa nguzo kwenda nje ulipigwa marufuku, na hivyo ikafungwa biashara ambayo kwa karne nyingi ilijaza majahazi yaliyokwenda Uarabuni. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na wakataji wa Lamu, ambao hawana shamba jingine zaidi ya topeni, walibaki bila kazi hadi zuio hilo lilipolegezwa kwao. Mtu anaweza kulalamikia maamuzi hayo moja baada ya jingine, na mimi mwenyewe naona kwamba yale ya 2018 yaliwaumiza wasio na kosa, lakini yote yanaonyesha kitu kimoja: mkoko unaonekana. Mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027 unataja hekta 61,271 nchi nzima, ambazo 37,350 kati yake ziko Lamu na 8,536 ziko Kilifi. Kaunti kwa kaunti, tope kwa tope, mti huu umehesabiwa.

Kwa sange mambo ni kinyume. Wako wanaomwita njule, wako wanaomwita isanje, lakini wengi wanaomwona akikatiza njia katika magofu ya Gede husema tu kwamba ni panya. Kosa hilo ni jepesi kulifanya, kwa maana ana mkia mrefu, ana miguu myembamba, na anakimbia kwa namna ambayo jicho halipati nafasi ya kumchunguza. Hata hivyo si panya, na wala hana undugu wa karibu na panya. Panya wa kweli wa msitu ule ni kama buku, ambaye hutoka usiku, huguguna mbegu na matunda kwa meno yasiyoacha kukua, na hubeba chakula mashavuni kwenda kukiweka akiba. Sange hutembea mchana, hana meno ya kuguguna, na chakula chake ni mbawakawa, mchwa, tandu, buibui na nyungunyungu anaowafukua kwa pua na kuwaramba kwa ulimi. Ana uzito wa zaidi kidogo ya nusu kilo. Wanasayansi walimpa jina lao mwaka 1881, na kwa muda mrefu walisumbuka kuamua wamweke na jamaa gani, mpaka uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha kwamba anaingia katika kundi moja la kale la wanyama wa Afrika, lililopewa jina la Afrotheria mwaka 1998. Ndugu zake katika kundi hilo ni ndovu, pimbi, mhanga na nguva. Yaani yule anayeitwa panya kule Gede ana nasaba na nguva anayekula nyasi za bahari huko Lamu, na hana nasaba ya namna hiyo na panya wa ghalani.

Jina likikosewa, hesabu nayo hukosewa, na ndiyo maana nalichukulia suala hili kwa uzito. Mtu anayemwita panya anamfikiria kama panya: mnyama anayezaa wengi, anayejaza pengo haraka, ambaye akinaswa mmoja wako kumi nyuma yake. Sange huzaa mtoto mmoja kwa wakati mmoja, baada ya mimba ya siku zipatazo 42. Dume na jike mmoja hushikana eneo moja kwa maisha, ingawa ni nadra kuwaona wakiandamana. Jike hufukuza majike wageni na dume hufukuza madume, na ngozi ya makalio ya dume ni nene kuliko kwingineko, inayomkinga anapoumwa katika fukuzano hizo. Uchunguzi uliofanywa Gede miaka ya 1970 ulikuta kila jozi ikiwa na eneo la wastani wa hekta 1.7. Pakitegwa mitego ya vitanzi kwenye vijia vyake, au mbwa wakiingizwa, eneo la jozi moja linaweza kubaki tupu, na hapana kundi kubwa lililojificha la kuja kulijaza. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini sange huyu amewekwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka, ilhali kwenye midomo yetu bado yuko katika orodha ya panya.

Lamu inatoa mfano mkali zaidi. Katika kaunti hiyo ambayo mikoko yake imepimwa hadi hekta, kamera zilizotegwa msituni Boni na Dodori zilipiga picha za sange ambaye watafiti hawakuwa wakijua kwamba yuko huko, na habari hiyo ikatangazwa mwaka 2010. Naamini kwamba Waaweer, wenyeji wa misitu hiyo, hawakuhitaji kamera ili kumtambua. Lakini maarifa ya mwindaji hayaingii kwenye mpango wa serikali, na mnyama anayetembea mchana kweupe akabaki nje ya maandishi hadi karne ya 21, wakati kila nguzo iliyotoka kwenye tope la jirani ilikuwa na jina, bei na ushuru wake.

Sasa nifike kwenye majani, kwa sababu hapo ndipo mti na mnyama hawa wanapokutana na hapo ndipo wanapoachana. Sange hulala katika kiota anachokitengeneza chini kabisa. Huchimba kishimo kifupi, hukitandika majani makavu, kisha hukifunika chote kwa majani mengine, na anayepita huona kama rundo lililokusanywa na upepo. Kazi hiyo huifanya asubuhi mapema, majani yakiwa bado na umande, maana jani bichi la umande halipigi kelele kama lile lililokauka. Huwa na viota kadhaa katika eneo lake na hulala mara hiki mara kile, ili adui asizoee makazi yake. Mtoto hukaa ndani ya kiota kwa muda wa wiki mbili hivi kabla ya kutoka kumfuata mama yake. Chakula chote anachokula kimo ndani ya matandazo hayohayo, yaani majani na vijiti vilivyoanguka na kulala chini: mdudu anaishi chini ya jani, mchwa anakula kijiti kilichooza, nyungunyungu anapenda ubichi uliohifadhiwa na majani ya juu. Hata sauti yake ya hatari inategemea majani, kwa maana akihisi amefuatwa huupiga mkia wake kwenye majani makavu kama mtu anayegonga ngoma ndogo, kisha huruka na kutoweka. Huko Arabuko-Sokoke kuna ndege mwenye kifua cha rangi ya chungwa ambaye humfuata nyuma akiokota wadudu waliofukuliwa. Ondoa matandazo, nawe umeondoa nyumba, jikoni, na ngoma ya tahadhari, ingawa kila mti umebaki umesimama pale pale ulipokuwa.

Mkoko nao huangusha majani mwaka mzima, lakini majani yake yana safari nyingine. Kaa huyavuta na kuyaingiza kwenye mashimo, mengine huchukuliwa na maji yanapokupwa, yakioza yanakuwa chakula cha viumbe vidogo ambavyo huliwa na kamba na samaki wachanga. Mvuvi wa Mida anayetega kaa koko anavuna jani la mkoko lililopita kwenye matumbo kadhaa. Kwa hiyo jani lililoanguka horini ni mali, na wavuvi wanalijua hilo kwa sababu linawalipa. Jani lililoanguka msituni halimlipi mtu yeyote, nasi tumelipa jina la taka.

Jina hilo lina asili ya heshima, na sitaki kulidharau. Kwetu pwani uwanja uliofagiwa ni sifa ya nyumba. Mke wa nyumba, au kijana aliyetumwa na bibi yake, huamka na ufagio wa chelewa kabla jua halijapanda, na mgeni akikuta majani yametapakaa uani huingia na wasiwasi, tena kwa haki, maana nyoka na nge hujificha humo. Tatizo huja pale macho yaliyozoea uwanja yanapoutazama msitu. Msitu ulio na matandazo mazito huonekana kama umeachwa, na ule ambao vichaka vyake vimefyekwa na sakafu yake imesafishwa huonekana kama unaotunzwa. Mashamba mengine ya miti hupata sifa hiyo bila kustahili. Chini ya mivinje, kwa mfano, sakafu ni tulivu na ya kupendeza, sindano zake zimelala kama mkeka, lakini humo hamna kichaka cha kujificha na wadudu wa kumshibisha sange ni wachache.

Hapa ndipo sera inapohitaji kutazamwa kwa makini. Tangu Desemba 2022 taifa lina lengo la kukuza miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na lengo lenyewe ni jema. Ardhi yetu imechoka na inahitaji kivuli. Lakini kipimo cha kampeni hiyo ni mche, na mkoko umekubaliana sana na kipimo hicho. Mbegu ya mkoko huota ikiwa ingali juu ya mama yake, huning'inia kama kijiti kirefu cha kijani, na ikianguka huweza kuelea na maji hadi itakapopata tope la kushika. Mtu anaiokota, anaichomeka, anapiga picha, na baada ya miaka michache kuna mti wa kuhesabu. Katika kijiji cha Gazi, kule Kwale, wenyeji wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa ukaa unaohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, na mapato yameingia kwenye maji na elimu. Mimi naupenda mradi huo na ningependa kuona wa aina yake Mida na Lamu. Hata hivyo sehemu kubwa ya ukaa uliohifadhiwa na mikoko haiko kwenye shina, iko chini, kwenye tope lililokusanywa kwa karne nyingi. Kwa hiyo hata kwa mti huu tunaoujua vizuri, utajiri mkubwa umelala mahali ambapo kamera ya mpanda miche haielekezwi. Na wapandaji wengi huchomeka mkoko peke yake hata mahali ambapo palikuwa pa mlilana au mchu, kwa kuwa mbegu yake ndiyo rahisi kuokota.

Sange hapandwi. Hawezi kuelea na maji hadi kwenye kipande kingine cha msitu, na mashamba yaliyo wazi kati ya Arabuko-Sokoke na magofu ya Gede kwake ni mkondo mpana kuliko ule wa bahari kwa mbegu ya mkoko. Hana pia watu wa kudai kwa niaba yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wa Lamu walioathiriwa na ujenzi wa bandari mpya walipwe takriban shilingi bilioni 1.76, na waliweza kudai kwa sababu walikuwa na kitu cha kuonyesha: mahali walipovua, mikoko iliyokatwa, mapato yaliyopotea. Sange akipungua, hakuna mwenye kwenda mahakamani na kusema amepungukiwa.

Lipo jaribio moja la jirani ambalo huonyeshwa kila mara kama jibu, nalo ni mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa Gede mwaka 1993, ambapo wakulima wa pembezoni mwa msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa, hatua iliyo kati ya kiwavi na kipepeo, nje ya nchi. Umefanya kazi kubwa, kwani umeupa msitu thamani mikononi mwa watu waliotaka ugawiwe. Lakini kiwavi hula jani bichi lililo mtini. Mfugaji wa vipepeo ana sababu ya kulinda mti wa kiwavi wake, na hana sababu ya ziada ya kulinda kijiti kilichooza chini yake.

Kijiti hicho ndicho kinachobebwa. Wanawake wa vijiji vinavyouzunguka msitu huruhusiwa, kwa malipo, kuokota kuni zilizokauka, na utaratibu huo ulikubaliwa kwa sababu ulionekana hauna madhara: hakuna mti uliokatwa. Kwa kipimo cha kilichosimama, ni kweli. Kwa kipimo cha sange, kila mzigo wa kuni ni ghala la mchwa na mbawakawa lililohamishwa. Sisemi kwamba wanawake hao wazuiwe, kwani kaya inayopika kwa mafiga matatu haiwezi kusubiri sera, na zuio la ghafla litafanya kile kile lililofanya kwa wakataji wa Lamu. Nasema kwamba gharama hiyo ihesabiwe waziwazi, na kwamba kuni za mashambani zipandwe kwa nia hiyo. Hapo mvinje una kazi yake halali. Wakulima wengi wa Kilifi wanaupanda na kuuza nguzo zake, na nguzo ya mvinje imeshachukua nafasi ya nguzo ya mkoko katika majengo mengi. Matawi yake na vishina vyake vikipelekwa jikoni, shamba moja litakuwa limeupunguzia mzigo msitu na hori kwa pamoja. Asitokee tu mtu akauita msitu.

Kuhusu kuhesabu, njia iko tayari na si ya gharama. Watafiti waliofanya kazi Arabuko-Sokoke walikwishatumia viota vya sange kukisia wingi wake, wakitembea kwenye mistari iliyopangwa na kuandika kila rundo walilolikuta, kwa kuwa kiota hakikimbii kama mwenye nacho. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inavitambua vyama vya jamii vinavyosimamia misitu, na msitu huu una waongozaji wa wageni ambao macho yao yameshazoea kutofautisha kiota na rundo la upepo. Vijana hao walipwe kutembea mistari ileile kila mwaka, kabla ya mvua za masika, wakati majani ya kiangazi bado yamelala mazito na viota vinaonekana. Wapime pia kina cha matandazo kwa kijiti chenye alama, upande unaookotwa kuni na upande usiookotwa. Kisha ripoti inayokwenda Kilifi kila mwaka ikieleza ni miche mingapi ya mkoko iliyopandwa Mida na mingapi iliyoshika, iongezwe safu moja ya Arabuko-Sokoke: viota vingapi, na majani ya kina gani.